Jina Ambalo Bibi Halitaji

Bwenini, Shinyanga
Jumapili, 8 Februari 2026

Kaka Ngusa,

Shikamoo. Naandika nyuma ya jiko la shule. Wenzangu wako kwenye foleni ya simu ya matroni, maana leo ndiyo siku ya kuongea na nyumbani. Mimi foleni ile siiwezi. Unaongea na mama yako huku bweni zima linakusikiliza. Karatasi angalau hainitolei macho. Konda wa gari la Kahama amesema atahakikisha hii inafika dukani kwako Buseresere, kama zile za mwaka jana.

Nina shida. Mwalimu Donatus anatufundisha historia mara mbili: ile ya Kiingereza, na hii ya nchi yetu kwa Kiswahili. Kwenye ya Kiingereza mimi ni bubu, unanijua. Kuandika naandika, ila mdomoni maneno yanageuka mawe. Kwenye ya Kiswahili ningeweza kunyoosha mkono, lakini sinyooshi. Sasa Mwalimu ameleta projekta. Anasema kitabu kimeandikwa na watu ambao kwetu hawajafika, kwa hiyo kila mmoja alete video ya mzee wa kwao akisimulia jambo aliloliona kwa macho yake. Nzuri zitawekwa kwenye chaneli ya shule mtandaoni. Akaandika ubaoni kwamba kila anayesimulia historia tumwulize: unajuaje, unamwambia nani, na nani anafaidika ukiaminiwa.

Mimi nataka Bibi. Mwombe asimulie mwaka wa Operesheni Vijiji, walivyobomoa nyumba kule bondeni wakahamia huko barabarani. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiianza hiyo habari halafu anaikatisha, eti sufuria inaungua, na jikoni hakuna hata moto. Lakini wewe anakusikiliza. Mrekodi akiwa anapukuchua mahindi. Usimkalishe kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Mwambie nimeota amepika mlenda akanificha.

Mdogo wako,
Paskalina


Buseresere
19 Februari 2026

Mdogo wangu Paska,

Marahaba. Barua yako ilifika inanuka dagaa, nadhani konda aliikalia pamoja na mzigo wa mtu. Nimeisoma huku wateja wamenizunguka na simu zao wanataka nyimbo.

Memori kadi iko humu ndani, nimeifunga kwenye nailoni. Bibi kasimulia vizuri mpaka mwenyewe nimeshangaa. Baba Mkubwa Valerian alikuwepo, ndiye aliyekuwa akimkumbusha mambo ya zamani. Utaona Bibi ametulia mno, hageuzi hata shingo. Mimi nilimwambia atulie, kamera ya simu hii ukitikisika kidogo inaharibu.

Anakusalimia. Mguu unamsumbua kidogo, ni baridi tu. Usihangaike kupiga simu kumwulizia, mchana mimi niko dukani na yeye yuko nyumbani, hamtapatana. Mama bado yuko Maganzo anapikia wachimbaji wa almasi, naye hajambo.

Wewe soma. Mlenda upo, utaukuta.

Kaka yako,
Ngusa


Bwenini
Jumapili, 1 Machi 2026

Kaka Ngusa,

Shikamoo. Wameiona.

Mwalimu alifunika madirisha kwa khanga za matroni, akawasha projekta, na Bibi akatokea ukutani mkubwa kuliko mlango. Hata Masalu, ambaye hulala kila kipindi cha mchana, alikaa wima. Pale Bibi anaposema, "Paa tulilibeba kichwani, milango tukawaachia mchwa," msichana wa Kagongwa anayekaa mbele yangu alifuta macho kwa sketi. Mwalimu akaniambia nisimame. Nikasimama. Akaniuliza kwa Kiingereza ninajisikiaje, nikajibu "yesi." Walicheka, lakini hakikuwa kile kicheko kibaya.

Sasa iko kwenye chaneli na watu wanaitumiana hadi huko kwenu. Mwalimu anasema Ijumaa ya tarehe 27 atakuja ofisa wa elimu, na video ya Bibi ndiyo itafungua kipindi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa watu wanajua jina langu.

Ila kuna kitu, na sijui nikiite nini. Mara ya kwanza nilifurahi tu. Nilipoitazama tena kwenye tableti ya Mwalimu nikahisi kama nimevaa sare ya mwenzangu. Inanitosha, lakini si yangu. Bibi hajasema lile "ng'wanawane" lake la kutuita wanawe hata mara moja. Ameongea Kiswahili kitupu kama mtangazaji wa redio. Na yale ya mwishoni, kwamba bonde lote mpaka kwenye ua wa minyaa ni la ukoo wetu, na ukoo wa Mama Eufrasia wa kule bondeni walikaribishwa tu kulima, mimi sikuyaomba. Ulimwuliza wewe?

Labda nimezoea kumsikia jikoni, ndiyo maana. Niambie.

Paskalina


Ofisi ya Taaluma, Shinyanga
4 Machi 2026

Ndugu Ngusa,
Mlezi wa mwanafunzi Paskalina,

YAH: KUONGEA KWA SIMU NA BIBI LUSIA, IJUMAA 27 MACHI

Husika na mada tajwa hapo juu.

Napenda kukushukuru kwa video uliyotuletea. Nimefundisha historia miaka kumi na minne, na sijawahi kuona darasa likimsikiliza mtu kama lilivyomsikiliza bibi yenu.

Siku ya ugeni ningependa wanafunzi wamwulize Bibi maswali mawili matatu moja kwa moja, kwa simu yenye spika. Vijana hawa wanaamini kila kinachowaka kwenye kioo. Nataka waone kwamba nyuma ya kioo kuna mtu, na mtu anaweza kuulizwa. Sitamchosha.

Paskalina hapendi kuongea, lakini siku hizi ananyoosha shingo nikiingia darasani. Hilo pia nakushukuru.

Naomba jibu lako kabla ya tarehe 20.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwl. Donatus


Buseresere
11 Machi 2026

Paska,

Mwalimu wako ameniandikia barua yenye mhuri, nikadhani naitwa mahakamani. Mwambie Bibi hawezi kuongea kwa simu. Masikio yamekuwa mazito, mtandao wa nyumbani ni wa kubahatisha, mwambie lolote. Mimi nikimjibu kwa maandishi nitaharibu.

Kuhusu maswali yako, unauliza mno. Mzee akisimulia anasimulia yote, huwezi kumkata kama kitambaa.

Huku mambo yamechangamka. Vijana walichimba duara, shimo la kujaribu, kule bondeni, nyuma ya nyumba ya Mama Eufrasia, wakakuta mawe yenye dhahabu. Sasa kila mtu ana babu aliyezikwa bondeni. Baba Mkubwa amefungua shauri kwenye baraza la ardhi la kata, na video ndiyo ushahidi wake. Watu wanaitazama dukani kwangu, mzee mmoja alivua kofia. Baraza linakaa Alhamisi tarehe 26. Likishaandika, karatasi zinakwenda wilayani, na wenye mashine wako tayari kuanza. Nyumba ya Mama Eufrasia itabidi ipishe. Atapewa mahali pengine, Baba Mkubwa amesema.

Wewe umetusaidia kuliko unavyojua. Acha kuuliza, soma.

Ngusa


Bwenini
Jumapili, 15 Machi 2026

Kaka,

Salamu nitaziweka mwisho, nikiweza.

Jana Mwalimu aliniachia tableti nimwandikie maneno ya Bibi kwenye karatasi, ya kumpa mgeni. Nikawa nasikiliza sentensi, nasimamisha, naandika. Nilifika anaposema, "Baba mkwe wangu, Ngusa, ndiye aliyepanda ile minyaa kuwa mpaka." Nikaandika. Halafu kalamu ikasimama yenyewe.

Kaka, Bibi anakuitaje wewe?

Baba. Tangu unatambaa. "Baba, njoo ule." "Baba, umefunga mbuzi?" Wewe ulidhani anakudekeza, na mimi nikakuonea wivu. Nilimwuliza nikiwa darasa la tatu, kwa nini kaka ni Baba na mimi ni Paska tu. Akaniambia mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake, na mjukuu akirithi jina hilo, na yeye hatajwi. Baba mkwe wake alikuwa Ngusa. Siku ya kuandikisha vitambulisho, karani alipomwuliza, "Huyu mjukuu anaitwa nani?" alikusukuma mbele ujitaje mwenyewe. Karani akadhani amesahau. Na mzee alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita.

Mwanamke huyo hawezi kukaa mbele ya simu akasema "Ngusa" kama anaagiza chumvi. Hata umpe ng'ombe.

Kwa hiyo huyu aliyesema ni nani? Nilimwuliza Masalu, ana kaka yake Mwanza anayejua mambo hayo, akaniambia siku hizi kwa akili mnemba unachukua picha na sauti kidogo ya mtu, unaandika maneno, na picha inayasema. Nilinawa uso, nikaingia maandalizi ya jioni, nikakaa kama kawaida. Kitu ninachokijua vizuri duniani ni kukaa kama kawaida.

Naomba uniambie nimekosea. Na kama sijakosea, Bibi mwenyewe yuko wapi, mpaka ikabidi atengenezwe?

Shikamoo.
Paskalina


Buseresere
19 Machi 2026

Mdogo wangu,

Hujakosea.

Bibi alianguka Januari, siku chache baada ya wewe kupanda gari la shule. Kiharusi. Upande wa kulia umelala na mdomo umefunga. Anasikia kila kitu, ukimsimulia habari za mtaani anakufuatisha kwa macho, lakini neno halitoki. Namlisha uji asubihi kabla ya kufungua duka. Mama anajua. Tulikubaliana usiambiwe mpaka ufunge shule, kwa sababu mwaka jana ulipopata habari ya msiba ulikaa wiki tatu bila kuandika hata kwenye daftari.

Ndipo ikaja barua yako unamtaka Bibi. Ningekuambia nini? Programu ninayo, wateja wanaitumia kutengeneza mialiko ya harusi. Sauti niliitoa kwenye zile jumbe za sauti alizokuwa akimtumia Mama kwa simu yangu, nikazikata zile zenye Kisukuma maana programu haikijui. Nilikaa nayo siku nzima. Nilipomsikia anasema neno la kwanza nilifunga mlango wa duka nikalia, na sikuona kama ni uongo. Niliona kama nimemrudisha.

Maneno yenyewe sikuwa nayo. Nikamwendea Baba Mkubwa nikamwuliza Bibi angesema nini. Akaniambia, mimi nikachapa. Ya bonde aliyaweka yeye. Sikujua kuna mawe, nakuapia. Na jina lile nililiandika mimi mwenyewe, nikaona fahari, jina langu mdomoni mwa Bibi. Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini halijawahi kuwepo.

Sasa sikiliza. Baraza limeambiwa Bibi alirekodiwa kabla hajaugua. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale Baba Mkubwa akisema, nikatikisa kichwa kukubali. Nikigeuka leo, mimi ndiye nitakayeitwa mghushi, si yeye. Nyumba tunayolala na Bibi iko kwenye kiwanja chake, akitutoa nitambeba Bibi nimpeleke wapi? Na Baba Mkubwa anaapa kwamba bonde ni letu kweli. Kama maneno ni ya kweli, sauti ya nani imeyasema kuna ubaya gani?

Nakuomba ukimya. Wewe ukimya hauna shida nao.

Ngusa


Bwenini
Jumapili, 22 Machi 2026

Kaka Ngusa,

Shikamoo. Sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Nilikaa nayo misa nzima.

Kwanza habari ya Bibi. Nimekasirika na wewe na Mama, na nikirudi nitawaambia kwa mdomo, sijui nitatumia mdomo upi. Asante kwa uji.

Pili, nimemwambia Mwalimu. Ijumaa baada ya kipindi nilibaki nafuta ubao. Ulikuwa umeshafutwa. Akaniuliza, "Paskalina, unautafuta ukuta?" Nikamwambia nikiwa nimeangalia ukuta huo huo. Nikageuka. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

"Kaka. Na Baba Mkubwa."

"Nimeshamwandikia ofisa wa elimu. Mkuu wa shule ameiweka kwenye ratiba." Akakaa kwenye dawati kama mwanafunzi. "Subiri ugeni upite. Jumatatu yake tunaiondoa kwenye chaneli, kimya kimya, hakuna atakayeumia."

"Mwalimu, baraza linakaa Alhamisi."

"Jumatatu, Paskalina."

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nikatoka na dasta mkononi. Ndiyo mimi nilivyo. Lakini nilipofika bwenini nikakumbuka yale maswali yake ya ubaoni, nikajiuliza moja moja. Aliyesema hajui. Aliyeambiwa ni baraza. Anayefaidika ni Baba Mkubwa, na Mwalimu, na wewe, na mimi pia, maana bila ile video hakuna anayejua jina langu hapa. Anayeumia ni mmoja tu. Mama Eufrasia ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati mvua inanyesha, siku nilipoumwa degedege na wewe ulikuwa umekimbilia mpirani.

Unasema maneno huenda ni ya kweli. Mimi sijui kama ni ya kweli. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba sijui, na wewe hujui, na aliyekuwepo mdomo wake umefunga, tukamfungulia sisi tukatia ya kwetu.

Matroni anaruhusu kupiga namba zilizoandikishwa tu, yako na ya Mama. Mama nikimwambia atampigia shemeji yake, Baba Mkubwa, kwanza. Mama Eufrasia hana simu, na Eufrasia ameolewa Kagongwa, sijui mtaa gani. Njia yangu ni konda, na konda anaishia dukani kwako.

Kwa hiyo humu ndani kuna karatasi nyingine, ya kwake. Sijaifunga. Isome. Kusoma yeye hajui, unalijua hilo, kwa hiyo kama utaipeleka itabidi umsomee wewe. Unaweza kuichana na mimi sitajua mpaka nifunge shule. Unaweza kumsomea mengine kabisa, ukaongeza hapa ukapunguza pale, na yeye ataamini ni mimi niliyesema. Nimelifikiria hilo. Nikakosa njia nyingine, na baadaye nikaona hata ningekuwa nayo labda ningekupa wewe tu.

Mdogo wako,
Paskalina


Bwenini, Shinyanga
Jumapili, 22 Machi 2026

Mama Eufrasia,

Shikamoo mama. Ni mimi Paskalina, mjukuu wa Bibi Lusia. Anayekusomea ni Ngusa.

Ile video ya Bibi wanayoitazama watu si Bibi. Kaka yangu Ngusa aliitengeneza kwa kompyuta, baada ya Bibi kuugua, kwa sababu mimi niliomba video ya shule na yeye hakutaka nijue kwamba Bibi hawezi kusema. Maneno ya bonde yalitoka kwa Baba Mkubwa Valerian. Kaka yangu aliyaandika bila kujua yatafanya nini, lakini baadaye alijua, akasimama mbele ya baraza akakubali uongo.

Nimejua kwa sababu picha ile imetaja jina la baba mkwe wa Bibi. Bibi yangu halitaji. Waulize wanawake wote waliochota naye maji.

Mimi sijui bonde ni la nani. Labda ni lenu, labda ni letu, labda palikuwa na makubaliano ambayo sisi hatukuambiwa. Najua tu kwamba Bibi hajasema. Wasikutoe kwa maneno ambayo hakuyasema.

Nisamehe kwa kuiomba hiyo video.

Mwanao,
Paskalina


Buseresere
Jumapili, 29 Machi 2026

Mdogo wangu Paska,

Marahaba.

Barua ilinifikia Jumanne. Nikaiweka chini ya mashine ya fotokopi. Baba Mkubwa alikuja mchana kuchapisha karatasi zake za baraza, akaegemea mashine hiyo hiyo huku ananisimulia ataezeka nyumba ngapi.

Jumatano nilishuka bondeni. Nikapita mlangoni kwake nikaenda mpaka mtoni, nikarudi, nikapita tena. Mama Eufrasia alikuwa juani anageuza udaga wa muhogo. Akasema, "We Ngusa, umepoteza mbuzi?" Nikasema hapana. "Basi simama, unanitia kizunguzungu."

Nikamwambia nina barua yako. Akafurahi. Alijifuta mikono, akavuta kigoda, akakaa kama mtu anayesubiri kusikia umefaulu. Nikaanza kusoma. Salamu zikapita. Nilipofika "kaka yangu Ngusa aliitengeneza," Paska, nakuambia ukweli, ulimi wangu ulikuwa tayari umeshaandaa "watu waliitengeneza." Neno moja tu. Karatasi naiona mimi, yeye ananitazama usoni. Nikaisogeza karatasi karibu na macho, naye akauliza, "Mwandiko mbaya?" Nikasema, "Mwandiko mzuri." Nikasoma ulivyoandika.

Nikaendelea mpaka kwenye jina lako. Kuku walipanda kwenye udaga na hakuwafukuza. Kisha akasema, "Rudia pale pa kaka." Nikarudia. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, maana sasa wote wawili tunajua kinachokuja.

Akasema, "Kesho utaisoma hiyo hiyo barazani. Si mwingine."

Nikaisoma. Katibu wa baraza alinyoosha mkono aipokee, Mama Eufrasia akamwambia, "Mwache asome yeye, ameshaizoea." Watu wengine walicheka. Baba Mkubwa hakucheka. Kabla sijafika mwisho alikuwa ameshachukua kofia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwanamke aliyewahi kumsikia Bibi Lusia akilitaja jina la mkwewe. Mama mmoja mzee wa kule juu akasema, "Labda huyo wa kwenye simu hajaolewa." Video imewekwa kando. Shauri limeanza upya, watatafutwa wazee waliohama mwaka ule, na wajumbe wawili watakwenda kumwona Bibi bila mimi wala Baba Mkubwa kuwepo, wamwulize mambo ya kujibiwa kwa mkono. Majibu yatakuwaje sijui. Polisi bado hawajaniita. Wanaweza kuniita.

Baba Mkubwa ametupa mwezi mmoja tuondoke kwenye kiwanja chake. Mama anakuja kutoka Maganzo. Duka halina watu, wanaopita wananiambia, "Ngusa, nitengenezee marehemu babu yangu anipe ng'ombe." Watachoka.

Mwalimu wako alinipigia Alhamisi jioni. Aliuliza swali moja, kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Mtoto aliniambia, mimi nikamwambia Jumatatu." Akakata. Alichokifanya siku ya ugeni unakijua wewe. Uniandikie.

Jana nimemsomea na Bibi, ile uliyomwandikia Mama Eufrasia. Nilimweka kwenye mto, nikakaa upande wake mzima. Nilipofika pale pa jina la baba mkwe alicheka, Paska. Nusu ya uso, bila sauti, tumbo linatikisika. Nikacheka na mimi. Halafu nikakumbuka kilichoko kuhusu mimi kwenye mistari ya juu yake, ambacho nilikuwa nimekipitisha haraka haraka, kwa sauti ya chini, nikidhani hatagundua. Nikaikunja karatasi.

Akautoa mkono wa kushoto kwenye blanketi, akaikunjua, akaweka kidole juu kabisa, kwenye salamu.

Nikaanza upya, polepole.

Kaka yako,
Ngusa